Miwani Haisomi Peke Yake

Miongoni mwa mambo mapya yanayobishwa siku hizi kwenye milango ya Wizara za Afya duniani, lipo moja ambalo kwa kulitazama mara ya kwanza laonekana kama muujiza. Ni programu ya kompyuta ambayo huitwaa picha ya eksirei ya kifua, ikaondoa kivuli cha mbavu na cha mitulinga, kisha ikamwachia daktari mapafu matupu ayatazame. Wenye kuiuza husema kwamba daktari aliyekuwa akitazama kwa shida sasa atatazama kwa wepesi, na kwamba ugonjwa uliokuwa ukijificha nyuma ya mfupa hautapata tena pa kujificha. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo una mpaka, na asiyeujua mpaka wake aweza kutumia fedha nyingi za umma akanunua kitu kizuri kwa kazi isiyokuwa yake. Kwa hiyo yatupasa kulipima jambo hili kwa utulivu, bila ya kulishangilia na bila ya kuliogopa.

Tuanze na picha yenyewe. Tangu Wilhelm Conrad Röntgen alipoigundua mionzi hii mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, picha ya kifua imekuwa mojawapo ya vipimo vitumiwavyo sana katika hospitali zote za dunia. Ni kipimo cha haraka, bei yake ni nafuu, na mionzi apatayo mgonjwa ni michache. Hata hivyo picha hiyo ni kivuli tu. Mwili wa mtu wenye upana, urefu na kina hubanwa ukawa kama karatasi moja. Mbavu za mbele, mbavu za nyuma, mitulinga, moyo na mishipa mikubwa ya damu, vyote huangukia juu ya mapafu, mfano wa vivuli vya matawi ya mwembe viangukavyo juu ya mkeka uliotandikwa chini yake. Mwenye kutafuta punje moja ya mtama juu ya mkeka huo aweza kuipita mara tatu asiione, wala si kwa sababu ya uvivu wake.

Kwamba punje hizo hupitwa ni jambo lililojulikana zamani. Mwaka 1949 daktari Leo Henry Garland wa California aliwashangaza wenzake alipoonyesha kwamba wasomaji wazoefu wa picha za kifua walikosa kuutambua ugonjwa katika takriban asilimia 30 ya picha zilizokuwa na ugonjwa. Mwaka 1983, madaktari wa Mayo Clinic huko Minnesota walitangaza habari nyingine ya kusikitisha. Waliwafuatia wavuta sigara waliokuwa wakipigwa picha kila baada ya miezi minne. Saratani zilizoota pembezoni mwa mapafu zilipogunduliwa, picha za zamani zilitolewa makabatini zikatazamwa upya, na ikaonekana kwamba asilimia 90 ya saratani hizo zilikuwa tayari zimo ndani ya picha miezi mingi kabla, na nyingine hata miaka kadhaa kabla. Zilikuwapo, lakini hazikuonwa. Na sehemu kubwa ya saratani zinazopitwa namna hii hupatikana kuwa zimefunikwa na mfupa.

Basi wataalamu wakauliza: je, haiwezekani kuuondoa mfupa? Njia ya kwanza waliyoivumbua ni ya mtambo. Mgonjwa hupigwa picha kwa nguvu mbili za mionzi zilizo tofauti, na kwa kuwa mfupa na nyama laini haviizuii mionzi hiyo kwa kiasi kimoja, hesabu huweza kuutenga mfupa ukawa peke yake na nyama ikawa peke yake. Njia hiyo ni njema, lakini yataka mtambo maalumu ambao hospitali nyingi hazinao.

Njia ya pili ndiyo hii tunayoizungumza leo. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, ambako Profesa Kunio Doi na wenzake walikuwa wakiifundisha kompyuta kumsaidia daktari tangu miaka ya 1980, mtaalamu aitwaye Kenji Suzuki na wenzake walichapisha mwaka 2006 njia ya kuuondoa ubavu kwa hesabu tupu, bila ya mtambo mpya. Kompyuta haikupewa kanuni iliyoandikwa ya kusema ubavu una umbo gani. Ilionyeshwa picha za kawaida pamoja na picha za mifupa zilizopatikana kwa ule mtambo wa nguvu mbili, ikajifunza kutoka kwazo jinsi kivuli cha mfupa kinavyokuwa. Ilipopewa picha ya mtu mwingine, iliweza kukisia picha ya mifupa yake, na kukisio hilo likatolewa katika picha ya asili. Kilichosalia ni mapafu.

Tunawaomba wasomaji wetu walishike neno hilo: kukisia. Kompyuta haikuingia kifuani mwa mtu yule ikamwondolea mbavu. Ilikadiria tu, kwa mazoea iliyoyapata kwa watu wengine. Ukadiriaji huo ni mzuri mno mara nyingi, lakini utabaki kuwa ukadiriaji.

Je, msaada wake wapimika? Naam, umekwisha kupimwa. Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya jaribio la programu ya namna hii iliyotengenezwa na kampuni ya Riverain ya Ohio. Madaktari 15 walipewa picha za watu 368, ambao kati yao 122 walikuwa na saratani ya mapafu. Walizisoma kwanza bila ya msaada, kisha wakazisoma pamoja na picha zilizoondolewa mbavu. Bila ya msaada, waliwatambua wagonjwa takriban 50 katika kila 100. Kwa msaada wa programu waliwatambua 66. Hilo si jambo dogo. Watu 16 katika kila 100, ambao wangalirudishwa nyumbani wakiambiwa ni wazima, waliweza kutambuliwa kwa macho yale yale ya madaktari wale wale.

Lakini taarifa hiyo hiyo ina upande wa pili, ambao katika matangazo ya biashara huandikwa kwa herufi ndogo. Watu wasiokuwa na saratani nao walitiwa shaka zaidi kuliko kwanza. Bila ya programu, wazima 4 hivi katika kila 100 walidhaniwa kuwa wagonjwa. Kwa programu wakawa 8 hivi. Maana yake ni kwamba macho yaliyosafishwa huona mengi zaidi, ya kweli na yasiyo ya kweli.

Tufanye hesabu kidogo ili jambo hili lieleweke. Tuseme watu 1,000 wamekuja kupigwa picha, na kati yao 10 ndio wenye saratani. Kwa viwango vya jaribio lile, daktari asiye na programu atawatambua wagonjwa 5, na wazima 39 hivi atawatia shaka bure. Daktari mwenye programu atawatambua wagonjwa 6 au 7, na wazima atakaowatia shaka bure watakuwa 81 hivi. Kila mmoja wa hao 81 atahitaji kipimo kingine, pengine CT skani, na baadhi yao watachomwa sindano ili kipande kidogo cha pafu kikapimwe. Katika mji wenye mashine za CT kila mtaa, hiyo ni gharama ya kuvumilika. Katika mkoa ambao mgonjwa husafiri siku nzima kuifuata mashine moja, tena akaikuta imeharibika, gharama hiyo ni nyingine kabisa. Mtu huuza mbuzi wake akaenda kuthibitishiwa kwamba alikuwa mzima tangu mwanzo, na wakati huo huo amechukua nafasi ya mgonjwa wa kweli katika foleni. Hatusemi kwamba huyo mmoja au hao wawili waliookolewa hawana thamani. Twasema kwamba anayenunua programu hii hana budi kununua pia uwezo wa kuwahudumia wale 81, la sivyo amenunua nusu ya kitu.

Yapo na mambo mengine ya kukumbukwa. Programu haiwezi kuliongeza katika picha jambo ambalo halikuingia humo tangu mwanzo. Mgonjwa akitikisika, au asipovuta pumzi ipasavyo, au mpiga picha akikosea kipimo cha mionzi, hakuna hesabu itakayoirudisha habari iliyopotea. Tena, katika kuondoa mfupa, kompyuta yaweza kuondoa na vinginevyo. Ubavu uliovunjika hautaonekana vema katika picha isiyo na mbavu. Vilevile, kinundu chenye chokaa ndani yake mara nyingi huwa ni kovu la ugonjwa wa zamani, na chokaa hiyo ndiyo imjulishayo daktari kwamba hapana haja ya hofu. Lakini chokaa na mfupa hufanana mbele ya mionzi, na programu yaweza kuifuta alama hiyo, kinundu kikabaki kikionekana cha kutisha. Ndiyo maana picha iliyosafishwa hutakiwa kusomwa kando ya picha ya asili, wala si badala yake. Ni miwani ya kumsaidia mwenye kusoma. Miwani haisomi peke yake, na umvishe nayo asiyejua kusoma, barua itabaki kuwa fumbo kwake kama ilivyokuwa.

Na huko Marekani kwenyewe, ambako programu hizi zilizaliwa, mambo hayakusimama hapo. Mwaka ule ule wa 2011 yalitangazwa matokeo ya majaribio mawili makubwa. Moja, lililowahusu watu zaidi ya 154,000, lilionyesha kwamba kuwapiga watu picha ya kifua kila mwaka hakukupunguza vifo vya saratani ya mapafu. La pili, lililowahusu watu zaidi ya 53,000 waliokuwa wavuta sigara wakubwa, lilionyesha kwamba CT skani ya mionzi michache ilipunguza vifo hivyo kwa asilimia 20 ikilinganishwa na picha ya kawaida ya kifua. Kwa hiyo wao hawaitegemei tena picha ya kifua kwa kuwasaka wenye saratani. Programu ya kuondoa mbavu imebaki na kazi ya kumsaidia daktari katika zile picha nyingi zinazopigwa kwa sababu nyinginezo. Taifa linaloambiwa kwamba kwa programu hii litaikomesha saratani ya mapafu linaambiwa jambo ambalo wenye programu hawajalifanya kwao.

Sasa tugeukie kwetu Afrika Mashariki, ambako kifua cha mtu hupigwa picha mara nyingi kwa sababu ya kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua ugonjwa huo ulimwenguni, na milioni 1.25 wakafa. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zimo katika orodha ya nchi 30 zilizotajwa na Shirika hilo, kwa miaka ya 2021 hadi 2025, kuwa zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo. Na madaktari bingwa wa kusoma picha ni wachache, tena wengi wao hukaa katika miji mikubwa.

Kwa ajili ya upungufu huo imezuka programu ya jamii nyingine, ambayo wauzaji hupenda kuichanganya na ile ya kwanza kana kwamba ni kitu kimoja. Ile ya kwanza humsafishia daktari picha, naye akasoma. Hii ya pili huisoma picha yenyewe ikatoa alama: mtu huyu adhaniwa kuwa na kifua kikuu, au hadhaniwi. Mwezi Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba programu za namna hii zaweza kutumika mahali pa msomaji binadamu, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, katika kuwachuja wale wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Ruhusa hiyo haikutoka hewani. Mjini Dhaka, Bangladesh, programu tano zilijaribiwa kwa picha za watu 23,954, na zote tano ziliwashinda madaktari watatu wa huko waliozisoma picha hizo. Ikaonekana kwamba zingeweza kupunguza nusu ya vipimo vya maabara vinavyohitajika, huku zikiwatambua wagonjwa zaidi ya 90 katika kila 100. Lakini taarifa hiyo haikuficha kwamba programu zilikuwa dhaifu zaidi kwa wazee na kwa watu waliowahi kuugua kifua kikuu zamani, kwa sababu makovu ya jana hufanana na ugonjwa wa leo.

Hapa ndipo palipo kiini cha shauri letu. Kwa nini mashine iliruhusiwa kusoma peke yake katika kifua kikuu? Ni kwa sababu nyuma yake kipo kipimo cha pili. Atakayetiwa shaka na mashine hapewi dawa za miezi sita papo hapo. Hutoa makohozi, na maabara ndiyo ihukumuyo. Mashine ni bawabu wa mlangoni, na hakimu yuko ndani. Pahala penye hakimu wa pili, bawabu asiyechoka ni neema. Pahala pasipo na hakimu, kumfanya bawabu kuwa hakimu ni kuwadhulumu watu. Kwani picha ya kifua haina kifua kikuu peke yake. Ina moyo uliopanuka, ina maji kandokando ya pafu, ina saratani, ina ubavu uliovunjika. Programu iliyofundishwa jambo moja italinyamazia jambo la pili, na mgonjwa aliyeambiwa hana kifua kikuu atakwenda zake akidhani ameambiwa kuwa ni mzima.

Tena kompyuta hujifunza mambo ambayo mwalimu wake hakukusudia kuifundisha. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha habari ya programu ya kutambua homa ya mapafu iliyofunzwa kwa picha za hospitali mbalimbali. Waligundua kwamba kompyuta iliweza kuitambua hospitali iliyopiga picha bila ya kukosea, ila mara chache mno. Kwa kuwa baadhi ya hospitali zilikuwa na wagonjwa wengi zaidi kuliko nyingine, ilikuwa imepata njia ya mkato: badala ya kuutazama ugonjwa, ilitazama mahali picha ilikotoka. Ilipopelekwa katika hospitali ya kigeni, mara nyingi uhodari wake ulipungua. Ikiwa hayo yametokea baina ya miji ya nchi moja, yatakuwaje kwa programu iliyofunzwa ng'ambo ikaletwa Tabora au Kisumu, ambako mitambo ni tofauti na maradhi ya watu ni tofauti? Kupima kwa picha zetu wenyewe si jambo lisilowezekana. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la programu ya CAD4TB, iliyotengenezwa Uholanzi, kwa picha za watu wa Tanzania. Lililofanyika mara moja kwa ajili ya utafiti lifanywe kuwa desturi kabla ya kila ununuzi.

Wapo watakaotuambia: ninyi mwataka ukamilifu, na huku watu wanakufa kwa kukosa wasomaji. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuidharau. Mgonjwa wa wilayani ambaye picha yake hukaa wiki tatu bila ya kusomwa hana faida ya kuambiwa kwamba mashine ina kasoro. Jibu letu ni kwamba mashine ya kuchuja kifua kikuu na itumike, tena upesi, kila mahali palipo na maabara ya kuthibitisha. Na ile ya kuondoa mbavu ipelekwe pale alipo daktari wa kuitumia, hata akiwa mbali na picha zikamfikia kwa njia ya intaneti. Tunalolikataa ni kuichukua mojawapo kuwa udhuru wa kuacha kusomesha madaktari.

Kwa hiyo twashauri kwamba kila ununuzi wa programu hizi ushikamane na masharti yanayoeleweka. Picha ya asili ihifadhiwe daima, na daktari aitazame. Programu ipimwe kwanza kwa picha za wagonjwa wa nchi inayoinunua, na matokeo yatangazwe hadharani, yakiwa na hesabu ya waliotambuliwa na hesabu ya waliotiwa shaka bure. Mkataba useme ni maradhi gani ambayo programu imefunzwa kuyatambua, na ni yapi isiyoyajua, na karatasi ya majibu apewayo mgonjwa iseme hivyo hivyo. Ada ya kila mwaka ijulikane kabla ya kutia sahihi, maana programu nyingi hazinunuliwi mara moja zikaisha, bali hulipiwa mwaka baada ya mwaka, na msaada wa wafadhili ukikoma mashine hunyamaza. Na mahali pasipo na kipimo cha pili cha kuthibitisha, majibu yatiwe sahihi na mtu mwenye jina, awezaye kuulizwa.

Mwisho, katika kila bajeti ya programu pawe na fungu la kuwasomesha madaktari wa kusoma picha na wapiga picha wa eksirei, maana picha iliyopigwa vibaya haina mwokozi. Wabunge watakapoletewa makadirio ya fedha za Wizara ya Afya, na waulize swali hili moja kabla ya kupitisha: pamoja na mashine hizi, ni vijana wangapi wamepelekwa kusomea kazi ya kuzisoma picha, na watarudi lini? Wakijibiwa kwa idadi na kwa mwaka, fedha hizo zitolewe bila ya kusita. Wakijibiwa kwamba mashine zitatosha, makadirio hayo yarudishwe yakaandikwe upya.